Gari Linapokula Tairi, Makombo Yanakwenda Wapi?

"Kaka, gari yako inakula tairi."

Fundi pancha wa Mabibo, Dar es Salaam, alisema hivyo akiwa amechuchumaa, anapitisha kidole gumba upande wa ndani wa tairi ya mbele kushoto. Upande wa nje kashata, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zilikuwa bado zimesimama. Ndani palikuwa kipara, laini kama mgongo wa kijiko. Tairi yenyewe nilikuwa nimeinunua mpya, haijamaliza mwaka. Nikaanza kulaumu duka, yeye akanikatiza: duka halina kosa, alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imekaa vibaya, na upepo nao uko chini muda mrefu.

Nililipa nikaondoka, lakini ile kauli ikanikaa kichwani. Sote tunasema gari linakula tairi, na tunaishia hapo hapo, utadhani tairi ikishaliwa imeyeyuka. Mpira hauyeyuki. Zile kashata nilizozilipia zipo mahali fulani kati ya Mabibo na Posta, na si kidogo. Hesabu yake unaweza kuifanya kijiweni. Tairi ya gari dogo hutoka dukani na kashata za kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zinataka ibadilishwe kina kikifika milimita 1.6. Izungushe tofauti hiyo kwenye tairi nzima, utoe nafasi za mifereji, unabaki na kilo moja hadi moja na nusu ya mpira uliopotelea njiani. Kwa tairi nne ni kilo tano hivi. Semi trela la tairi 22 lipigie hesabu mwenyewe, ukikumbuka kwamba kila tairi yake ni kubwa kuliko yangu na imebeba mzigo ambao gari langu lisingeubeba hata kwa miguu minane.

Makombo haya ndiyo wanasayansi wanayoyaweka kwenye kundi la mikroplastiki, yaani vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5. Ya tairi ni madogo kuliko hapo kwa mbali, mengi hayafiki hata nusu milimita. Ukiyaweka chini ya hadubini yanafanana na vipande vifupi vya soseji: mpira umejiviringisha wakati unasuguliwa, na katika kujiviringisha umeokota punje za mchanga na lami. Mchanga huo unayapa uzito. Ndiyo maana hayaelei juu ya maji kama mfuko wa rambo ili mtu ayaone na kukasirika. Yanazama, yanakuwa sehemu ya tope.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: mpira si utomvu wa mti? Plastiki imeingiaje? Ni kweli kuna mpira wa mti, na hata sisi tunao mashamba yake kule Kihuhwi, Muheza. Tairi za malori zina mpira huo kwa wingi. Lakini tairi ya gari dogo kwa sehemu kubwa hutegemea mpira unaotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, ambao kikemia ni ndugu wa plastiki. Na hata ule wa mti haubaki kuwa utomvu. Tangu Charles Goodyear wa Marekani agundue mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki juani wala haukatiki kwenye baridi, mpira wote wa tairi unapikwa hivyo. Salfa inafunga nyuzi za mpira pamoja kama fundi anayepiga mishono ya kukaza, na vijidudu vinavyoozesha vitu ardhini haviwezi kuifumua kirahisi. Kisha huongezwa masizi ya kiwandani, yanayoipa tairi weusi na ugumu wake, na silika, zinki oksaidi, mafuta, na dawa za kuzuia nyufa. Wataalamu wa viwango wanaweza kuendelea kubishana juu ya majina. Kaa wa kwenye mikoko hana nafasi ya kusoma lebo.

Swali linalonivutia zaidi ni kwa nini jambo kubwa hivi lilichelewa kusikika. Habari za mikroplastiki zilipamba moto baada ya mwaka 2004, Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha utafiti juu ya vipande vidogo vya plastiki baharini. Kazi ya kuvitambua vipande hivyo hufanywa zaidi kwa mwanga wa infraredi: unaumulika, kila aina ya plastiki inaurudisha kwa namna yake, unasoma jibu. Sasa yale masizi ndani ya tairi yanaumeza mwanga huo, na hakuna kinachorudi cha kusoma. Kwa hiyo punje nyeusi zilikuwa zinaonekana kwa macho kwenye chujio, lakini kwenye jedwali la matokeo hazimo. Siku hizi sampuli huchomwa kwa joto kali pasipo hewa, halafu gesi zinazotoka ndizo zinazotaja kilichokuwemo.

Zilipoanza kuhesabika, namba zikashtua. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Pieter Jan Kole walikadiria kwamba mwanadamu mmoja, kwa wastani wa dunia, anasababisha gramu 810 za makombo ya tairi kwa mwaka. Kati ya nchi walizozichunguza, India ilikuwa chini kabisa kwa gramu 230 na Marekani juu kabisa kwa kilo 4.7. Mwaka huo huo shirika la uhifadhi la IUCN lilikadiria kwamba katika mikroplastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni punje, asilimia 28 ni za tairi. Kilichozizidi ni nyuzi za nguo tunazofua tu, asilimia 35. Rangi za michoro ya barabarani, zikiwemo hizo zebra tunazovukia, zilipewa asilimia 7.

Tuilete hesabu nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam 5,383,728. Tukijipa kiwango cha chini kabisa, kile cha India, jiji linatoa tani 1,238 kwa mwaka. Ni malori 40 na ushee ya tani thelathini thelathini. Hii ni hesabu ya kupata picha tu, maana hakuna aliyeipima barabara ya Mandela kwa mzani, lakini picha yenyewe inatosha kukufanya uitazame barabara kwa jicho jingine. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, tulifanya jambo la maana. Mifuko ilionekana kwenye miti, kwenye mitaro, kwenye matumbo ya ng'ombe. Hii nyingine inapita katikati yetu bila kuonekana.

Nenda pembeni ya Mandela, Buguruni au Tabata, mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza. Utaona ule mchanga wa kijivu uliojikusanya kwenye ukingo wa lami, ambao kina mama wenye vizibao vya rangi ya chungwa huuchota kwa fagio na chepe tangu alfajiri. Sehemu kubwa ya makombo ya tairi huishia hapo hapo, mita chache kutoka tairi ilipopita. Yaliyo mepesi hupeperuka. Halafu siku moja masika inafungua. Maji ya dakika za kwanza yanakuwa meusi kabisa, yana harufu ya lami na mafuta, na yanakwenda moja kwa moja kwenye mtaro. Maji ya mtaro wa mvua hayapelekwi kwenye mabwawa ya kusafisha. Yanaingia mto Sinza, mto Ubungo, mto Ng'ombe, na yote hiyo inaungana na Msimbazi, ambao umeanzia huko vilima vya Pugu na unamalizikia baharini kwenye daraja la Salenda. Msimbazi ukifurika Jangwani, tope linaingia sebuleni kwa watu. Likikauka, ni vumbi la ndani ya nyumba. Kinachobaki kinanasa kwenye mizizi ya mikoko pale darajani, mahali ambapo kamba na samaki wengi huanzia maisha.

Kuna kisa kimoja lazima nikieleze kwa kituo, kwa sababu ndicho kilichogeuza mjadala wa tairi duniani. Kwenye vijito vya jiji la Seattle, Marekani, samoni aina ya koho hupanda kutoka baharini kwenda kutaga. Kwa miaka mingi watu waliona kwamba kila mvua ikinyesha, koho wanaanza kuogelea kwa kuzunguka, wanahema juu ya maji, wanakufa wakiwa na mayai tumboni. Walishuku dawa za mashambani, wakashuku madini, wakashuku joto. Haikuwa hivyo. Watafiti wakasaga tairi, wakailoweka, na maji yake yakawaua samaki vilevile. Ndani ya maji hayo kulikuwa na kemikali zaidi ya elfu mbili. Wakazitenganisha, kundi kwa kundi, hadi Desemba 2020 Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na wenzao walipomtaja mhusika.

Mhusika anatokana na dawa iitwayo 6PPD. Viwanda vinaiweka ndani ya tairi ili ijitoe mhanga: inapanda polepole hadi juu ya mpira, inakutana na ozoni ya hewani, inaichukua kabla ozoni haijaupasua mpira. Ule wekundu wa kahawia unaouona ubavuni mwa tairi iliyokaa juani, ambao vijana wa kuosha magari wanaufunika kwa dawa ya kung'arisha, ni kazi yake. Ila 6PPD ikishakutana na ozoni inageuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni, na hicho ndicho kilichokuwa kinawaua koho. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba chini kidogo ya sehemu moja ya milioni kumi ya gramu katika lita moja ya maji inatosha kuua nusu yao.

Tusiruke kutoka hapo hadi soko la samaki la Feri kwa hofu. Sumu hii inachagua: samoni wa aina nyingine, chamu, huogelea kwenye maji yale yale na haumwi. Bahari yetu haina samoni. Ninachokichukua mimi katika kisa hiki ni kwamba kemikali haikai ndani ya tairi tu. Inatoka, inageuka, na inaingia kwenye maji na hata kwenye mimea. Watafiti wa Vienna waliotesha saladi kwenye maji yenye kemikali za tairi, 6PPD ikiwemo, walizikuta zimepanda kupitia mizizi hadi kwenye majani. Na sisi tunajua nani anamwagilia mchicha na matembele kwa maji ya Msimbazi, na nani anayanunua jioni.

Breki nazo zina vumbi lake, la chuma na shaba, jepesi zaidi na rahisi kuvutwa puani. Hilo lina makala yake siku nyingine.

Sasa tufanyeje? Watu wengi wakifika hapa hutaja magari ya umeme, nami nawasikitisha mapema: gari la umeme halitoi moshi, na breki zake zinachakaa kidogo kwa kuwa mota ndiyo inayolipunguza mwendo, lakini betri inaliongezea uzito, na uzito ndio unaosugua tairi. Kwa bajaji na bodaboda tofauti hiyo ni ndogo. Kwa gari kubwa la kifahari, tairi zinaliwa zaidi.

Kitu cha kwanza ni kile kile alichoniambia fundi, na ni cha bei ya soda. Upepo ukiwa chini, tairi inakaa kwa mabega, inaliwa pembeni kote kuwili. Ukizidi, inaliwa katikati. Alaimenti ikipinda, tairi inaburuzwa badala ya kubingirika, na utaona upande mmoja una kipara kama wangu. Fundi wengi watakuwekea "thelathini na tano zote", gari lolote, mbele na nyuma. Wewe fungua mlango wa dereva utazame fremu. Magari yetu mengi ni mtumba wa Japani, na kibandiko kipo pale kimeandikwa Kijapani, ila tarakimu zinasomeka: 230 kPa ni kama psi 33 za geji ya fundi. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Ukipima saa saba mchana umetoka Gongo la Mboto kwenye foleni, joto limeshaongeza upepo na geji itakudanganya.

Namna ya kuendesha nayo ina sehemu yake kubwa. Tairi huliwa zaidi gari linapoondoka kwa kishindo, linapofunga breki na linapokata kona kwa kasi kuliko linapokwenda mwendo mmoja. Lakini kumhubiria dereva wa daladala juu ya hilo bila kugusa mfuko wake ni kupoteza mate. Dereva anadaiwa hesabu jioni. Tairi ni ya tajiri mwenye gari. Anayefaidika na kuwahi abiria wa kituo cha mbele siye anayenunua tairi, kwa hiyo atakanyaga mafuta mita mia mbili, atafunga breki, atakanyaga tena, tangu Gongo la Mboto hadi Simu 2000. Dereva akiajiriwa kwa mshahara, mguu wake unatulia wenyewe. Naamini mkataba wa dereva ungeokoa mpira mwingi kuliko mabango kumi ya mazingira, ingawa hakuna anayeuita sera ya mazingira.

Hapo ndipo mabasi ya mwendokasi yana maana zaidi ya kuwahi kazini. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9 za barabara ya Morogoro na matawi yake, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Basi moja refu lililojaa linafanya kazi ya daladala kadhaa, kwenye njia yake, bila kusimama na kuondoka kila baada ya mita hamsini. Makombo yakigawanywa kwa abiria, kila mmoja anabaki na kidogo sana. Sharti ni mabasi yawepo ya kutosha. Abiria aliyesubiri dakika arobaini kituoni atapanda bodaboda, na hesabu yote inarudi mwanzo.

Kwa malori ya bandarini dawa ni reli. Gurudumu la chuma juu ya chuma halina mpira wa kuliwa. SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, lakini kwa suala hili ninaloliandikia, kontena ni muhimu kuliko abiria: kila kontena linalopanda treni kwenda bandari kavu ya Kwala ni semi trela moja ambalo halikuzunguka Mandela likiwa limebeba tani thelathini.

Kuna sehemu ambayo si ya dereva wala ya jiji, ni ya kiwanda. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za uchafuzi wa magari za Euro 7 mwaka 2024, na kwa mara ya kwanza zikaweka kikomo cha kiasi gani tairi inaruhusiwa kuchakaa, mbali na kikomo cha vumbi la breki. California tangu Oktoba 2023 inawataka watengenezaji watafute mbadala wa 6PPD. Hayo ni mazuri, ila yana upande wa pili kwetu: tairi isiyofaa tena kwao itatafuta soko, na sisi ni soko. Shirika letu la viwango, TBS, likiazima kipimo hicho cha Ulaya kwa tairi zinazoingia, litakuwa limeokoa barabara na mfuko wa mnunuzi kwa mpigo mmoja, kwa sababu tairi isiyochakaa haraka ni ile ile inayodumu.

Vijana wa London nao walibuni kifaa cha kufunga nyuma ya gurudumu kinachovuta makombo kwa umeme tuli, wakapata tuzo mwaka 2020. Ni ubunifu wa kusisimua. Nikiufikiria kwenye matuta ya Mbagala, nauombea heri.

Hata tukifanya yote hayo, makombo yatakuwepo, na kazi inabaki kuyazuia kabla hayajafika mtoni. Huko El Cerrito, California, walijenga bustani ya mvua pembeni ya barabara: shimo pana lisilo na kina kirefu, limejazwa mchanga na mboji, juu pamepandwa majani yanayovumilia maji na ukame. Maji ya barabara yanapitia humo kwanza. Watafiti walipopima yaliyotoka upande wa pili, zaidi ya asilimia 90 ya vipande vidogo vilikuwa vimebaki bustanini. Hakuna mashine wala bomba la kuagiza nje. Mchanga tunao, matete yanaota yenyewe, na kwenye makutano makubwa kama Ubungo na Tazara kuna maeneo chini ya madaraja ya juu ambayo sasa hivi yanaota vumbi.

Na kuna jambo ambalo halihitaji hata kujenga. Mitaro yetu inasafishwa. Vibarua wanaingia, wanatoa tope jeusi zito, makombo ya tairi ya miezi yote yakiwa humo humo, wanalirundika ukingoni. Linaachwa hapo likauke. Wiki mbili baadaye mvua inakuja na kulirudisha lote ndani. Nimeona rundo moja Sinza likiingia mtaroni mara mbili kwa msimu mmoja, na sina shaka wewe una lako mtaani kwako. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayobeba uchafu mwingi kuliko zote zinazofuata, kwa hiyo kalenda inajipanga yenyewe: mitaro izibuliwe na barabara zifagiliwe mwezi wa pili kabla ya masika, na tena mwezi wa tisa kabla ya vuli, na gari la kubebea tope lisimame pale pale vibarua wanapochimba, liondoke nalo siku hiyo hiyo.